Mtihani wa Taifa Huanza Siku ya Usajili

Oktoba 2, 2018, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilitangaza kufuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba katika shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, hapa mkoani Dodoma, kwa sababu mtihani ulivuja. Shule kadhaa za maeneo mengine nazo zilifutiwa, lakini Chemba ilifutiwa wilaya nzima. Watoto waliofanya mtihani mwanzoni mwa Septemba wakatakiwa kuurudia Oktoba 8, yaani chini ya wiki moja baada ya tangazo.

Mzazi wa Bahi, Kongwa au Mpwapwa ana la kujifunza hapo. Sheria ya Baraza, iliyotungwa mwaka 1973, inalipa uwezo wa kufuta matokeo yakibainika kuwa na udanganyifu, na mtoto asiye na kosa huguswa pamoja na wenye kosa. Safari ile watoto walipewa nafasi ya kurudia mwaka uleule. Ila nafasi hiyo humfaa aliye karibu. Mtihani ukimalizika Septemba nawe ukamsafirisha binti Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, au kijana akaondoka na ng'ombe kutafuta malisho, nani atamrudisha kwa siku sita? Subiri matokeo yatoke kwanza.

Haki nyingi za mtihani hupotea mapema zaidi, wakati wa usajili, na wazazi hawana habari. Mwalimu mkuu ndiye anayesajili watahiniwa, miezi kadhaa kabla ya mtihani, kwa kutumia mfumo uitwao PReM, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake. Nenda shuleni uombe kuona taarifa za mwanao kabla usajili haujafungwa. Linganisha jina na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Majina yetu ya Kigogo na Kirangi huandikwa kila mtu anavyosikia, na jina lililokosewa darasa la saba humfuata mtoto hadi sekondari, chuo na kazini. Kulirekebisha wakati wa usajili ni dakika chache. Kulirekebisha akiwa mtu mzima ni viapo, ada na safari. Kama mtoto alihama shule, hakikisha namba yake nayo imehama.

Usikubali pia mwanao aachwe nje ya orodha, au akaririshwe bila hiari yenu, ili shule ilinde wastani wake. Wizara ya Elimu imekwisha kuzikataza shule mtindo huo, zikiwemo za binafsi. Mashindano yenyewe yamepunguzwa makali: tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora.

Kuhusu fedha, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma. Kambi, masomo ya ziada, karatasi za mitihani ya majaribio: mnaweza kukubaliana kuchangia, na mimi sioni ubaya wake pale wazazi wanapoamua wenyewe kwenye kikao. Lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa hela ya rimu. Wala hachapwi kwa kukosa majibu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viandikwe kwenye daftari. Alama 12 kwenye Hisabati si utovu wa nidhamu.

Mtoto akiugua siku ya mtihani, mpeleke hospitali, chukua cheti cha daktari, na uiarifu shule siku hiyohiyo. Kanuni ya 32(1) ya Kanuni za Mitihani humwezesha mtahiniwa aliyeshindwa kufanya mtihani kwa matatizo ya kiafya kupewa nafasi mwaka unaofuata. Asiyetoa taarifa huhesabiwa mtoro tu. Mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu ana haki ya karatasi ya nukta nundu au ya maandishi makubwa, na muda wa ziada; maombi hayo nayo hupita kwenye usajili, kwa hiyo mwambie mwalimu mapema.

Sasa niseme lisilopendeza. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto ajaze ovyo ili asichaguliwe kidato cha kwanza, wapate mchungaji au mahari. Mtoto ana haki ya elimu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na haki hiyo haiko mikononi mwa baba ili aigawe. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayesaidia kupanga ndoa hiyo, hata akiwa mzazi, naye ana kosa. Na binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni, kwa Waraka Namba 2 wa mwaka 2021.

Jambo moja la mbele: kwa mabadiliko ya sera, elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wamepangwa kumaliza pamoja. Mwenye watoto wawili waliofuatana aanze kujiandaa na sare mbili za sekondari.

Ukiona haki imevunjwa, anza kwa mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa halmashauri, na uandike barua ubaki na nakala. Matokeo hutazamwa bure kwenye tovuti ya NECTA. Anayekuomba pesa akubadilishie alama au akuuzie mtihani ni tapeli au mhalifu. Pigia simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bila malipo. Wasiojua kuandika barua wamwone msaidizi wa kisheria wa wilaya yao: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtaka awahudumie bure.