Saratani ya Mapafu kwa Wanaume na Wanawake: Mwenendo wa Miaka Mingi na Maana Yake kwa Songea

Mkulima aliyekohoa kwa majuma matatu akafika katika zahanati yoyote ya Songea huulizwa kwanza habari za kifua kikuu, na ndivyo inavyopasa. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na kila kikohozi cha wiki mbili au zaidi hudai makohozi yapimwe. Tatizo huanza pale makohozi yasipoonyesha vimelea, dawa zikaanzishwa kwa kukisia, miezi miwili ikapita, na mgonjwa akazidi kukonda. Kikohozi, damu katika makohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito ni dalili ambazo kifua kikuu na saratani ya mapafu huweza kushirikiana. Katika miezi hiyo ya kungoja, uvimbe ambao pengine ungeondolewa kwa upasuaji huweza kusambaa hadi kwenye mifupa, ini au ubongo.

Ugonjwa huu haukuwa wa kawaida siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa Ulaya angeweza kufanya kazi miaka mingi pasipo kuona zaidi ya wagonjwa wachache wa saratani ya mapafu. Kisha sigara za kutengenezwa kwa mashine zikaenea, hasa miongoni mwa askari wa vita kuu mbili, na baada ya miaka ishirini au thelathini wodi zikaanza kujaa wanaume. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill nchini Uingereza, na Ernst Wynder na Evarts Graham nchini Marekani, walichapisha tafiti zilizoonyesha kwamba wagonjwa hao walikuwa, kwa sehemu kubwa mno, wavutaji wa sigara. Januari 1964 serikali ya Marekani ilitoa ripoti yake iliyothibitisha kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Kuhusu wanawake, ripoti hiyo ilisema ushahidi unaelekea huko huko, lakini haukuwa na uzito sawa.

Wapo waliodhani kwamba mwili wa mwanamke una kinga fulani. Haukuwa nayo. Wanawake wa nchi hizo walianza kuvuta kwa wingi baadaye kuliko wanaume, hivyo ugonjwa nao ukawafikia baadaye. Vifo vya wanaume wa Uingereza vilifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vya wanaume wa Marekani karibu na mwaka 1990, kisha vikashuka kwa kuwa wengi walikuwa wameacha sigara. Katika kipindi hicho hicho vifo vya wanawake vilikuwa bado vinapanda. Mwaka 1987 saratani ya mapafu iliipita saratani ya matiti kwa idadi ya vifo vya wanawake wa Marekani, na kilele chao hakikufika hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukaongeza jambo: miongoni mwa baadhi ya makundi ya Wamarekani waliozaliwa tangu katikati ya miaka ya 1960, wanawake wenye umri chini ya miaka 55 wanaugua zaidi kuliko wanaume wa rika lao, na tofauti hiyo haielezeki kikamilifu kwa sigara.

Kwa makadirio ya mwaka 2022, dunia ilipata wagonjwa wapya wa saratani ya mapafu wapatao milioni 2.5 na vifo milioni 1.8, idadi isiyofikiwa na saratani nyingine yoyote. Nchini Tanzania hali ni tofauti: saratani za mlango wa kizazi, matiti, tezi dume na umio ndizo zinazotangulia. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Mgonjwa aliyefariki akiwa na cheti cha kifua kikuu, pasipo kupigwa picha ya kifua wala kuchukuliwa kinyama cha kupima, haingii katika hesabu ya saratani.

Upo pia mtego wa upande wa pili. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Ruvuma ukiwa na watu 1,376,891, na ile ya 2022 ikawakuta 1,848,794, ongezeko la takriban asilimia 34. Hospitali ikiona wagonjwa 13 mahali ilipoona 10, haiwezi kutangaza kwamba ugonjwa umeongezeka, kwani watu wenyewe wameongezeka kwa kiasi kama hicho. Ndiyo maana watafiti hutumia kiwango kwa kila watu 100,000, tena kilichosawazishwa kwa umri, maana jamii yenye wazee wengi huwa na saratani nyingi hata hatari ikiwa ile ile. Kwa kipimo hicho, kiwango cha dunia kwa wanaume ni takriban 32, na kwa wanawake 16.

Je, wimbi lililowapiga wanaume na kisha wanawake wa Marekani litafika Songea? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliwakuta watumiaji wa tumbaku kuwa asilimia 14.6 ya wanaume watu wazima wa Tanzania na asilimia 3.2 ya wanawake. Kama tumbaku ingekuwa chanzo pekee, mwanamke wa Ruvuma angekuwa salama kwa kiasi kikubwa. Lakini huyu ni mwanamke anayeishi ndani ya moshi. Jikoni anapikia kuni. Shambani, Songea na Namtumbo ndiko kwenye tumbaku ya moshi, ile ambayo majani yake hutundikwa ndani ya bani na kukaushwa kwa moto unaowashwa chini yake. Anayeingia kuchochea moto huo huvuta hewa nzito, hata kama hajawahi kushika sigara maishani.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa nyumbani katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani, na moshi wa kuni katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Xuanwei, kusini-magharibi mwa China, ambako wanawake wasiovuta sigara waliugua kwa viwango vya juu mno kwa sababu ya kupikia makaa ya mawe katika nyumba zisizo na bomba la moshi. Kaya zilizoweka majiko yenye bomba zilipata nafuu iliyoonekana wazi miaka kadhaa baadaye. Ruvuma nayo ina makaa ya mawe, huko Ngaka wilayani Mbinga, na si busara yageuzwe kuwa nishati ya jiko lisilo na bomba. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa anayengoja, jiko lenye bomba, kuni zilizokauka, na kupikia penye hewa hupunguza moshi tangu leo.

Kwa mhudumu wa afya, haya yote yanabadili maswali ya chumba cha uchunguzi. Kumuuliza mama mtu mzima “Unavuta sigara?” na kuandika “Hapana” hakutoshi. Aulizwe amepikia kuni miaka mingapi na jiko liko wapi, mumewe huvutia ndani, amefanya kazi kwenye bani misimu mingapi. Aulizwe kwa faragha na kwa heshima, kwani wapo wavutao kwa siri kwa kuogopa maneno ya watu. Ukimya huo humgharimu mgonjwa. Anayevuta aambiwe pia kwamba, baada ya takriban miaka kumi tangu kuacha, hatari yake hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea.

Sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, kuvimba uso na shingo, kucha zilizovimba na kupinda, au maumivu ya bega yasiyoelezeka, yakiambatana na kikohozi, yanadai picha ya kifua mapema. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kifua kikuu kisichothibitishwa kwa kipimo, asiyepata nafuu baada ya miezi miwili ya dawa. Hapo asiongezewe dozi kwa matumaini. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na kutoka huko, ikihitajika, penye kipimo cha CT na wataalamu wa kuchukua kinyama. Tiba ya saratani hutolewa Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Mgonjwa ambaye uvimbe wake umekwisha kusambaa naye ana haki ya kutulizwa: mofini ya maji hupunguza maumivu na hata shida ya kupumua.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji huweza kuwa mavuno ya msimu mzima. Kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe kikamilifu: tarehe kikohozi kilipoanza, majibu ya makohozi, dawa zilizotumika na kwa muda gani, uzito wa mwanzo na wa sasa, na historia ya moshi. Picha zote za kifua, hata zile za zamani, ziwekwe ndani ya bahasha moja na mgonjwa aelezwe asiziache nyumbani, kwa kuwa picha ya mwaka jana ikilinganishwa na ya leo huweza kuonyesha kama kivuli kimekua.