DONDOO MUHIMU: Rafiki akiondoka

Matanga yakianuliwa, upweke ndipo huanza. Kwa msomaji wa Lingeka na kwingineko Simiyu, dawa ya kwanza haiko mbali.

• Jifunze kwa ngitili. Wasukuma hufunga eneo hili la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kikikaza. Ardhi iliyochoka huachwa ipumzike, na visiki huchipua tena. Nawe jipe msimu, usijilazimishe kuchangamka.

• Tembea mlipozoea kutembea pamoja. Pitia njia ya kisimani au kando ya mto, asubuhi au jioni. Mwambie mtu unakoelekea.

• Omba hadithi. Mwendee bibi au babu akusimulie ya Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu waliomezwa. Hadithi haimrudishi marehemu, ila hukumbusha kwamba aliyemezwa na giza anaweza kutoka.

• Panda mti. Mkwaju au mwembe unafaa. Upande mvua zikianza, uuzungushie miiba mbuzi wasiufikie. Kila ukiumwagilia, litaje jina la rafiki yako.

• Simulia nawe. Keti na marafiki wenzako, kila mmoja alete kisa kimoja cha marehemu. Kucheka si kumkosea heshima.

• Usibebe peke yako. Usingizi na hamu ya kula vikikosekana kwa wiki kadhaa, au ukiwaza kujidhuru, mwambie ndugu leo hii, mwende pamoja zahanati au kituo cha afya.