Maumivu ya Kisigino: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Wakiwa Wamesimama

Mwongozo huu ni kwa ajili ya walimu, wauguzi, walinzi, wahudumu wa hoteli, mama lishe, wafanyakazi wa viwandani na wengine wanaotafuta riziki wakiwa wamesimama. Utawafaa pia wanaokimbia au kucheza mpira baada ya kazi. Unahusu maumivu ya chini ya kisigino ambayo madaktari huyaita plantafasaitisi. Msingi wake ni mmoja: mguu wenye maumivu haya hauponi kwa kulala kitandani wala kwa kujikaza kisabuni. Hupona kwa kazi iliyopimwa, na kipimo chake ni hatua ya kwanza ya asubuhi.

1. Kulitambua tatizo

Chini ya unyayo kuna ukano mpana na mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kuushikilia upinde wa unyayo, kama uzi unavyoushikilia upinde wa kuwindia. Kila unapoinua kisigino kupiga hatua, vidole hukunjwa kuelekea juu na ukano hukazwa. Ukibebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake kwa muda mrefu, nyuzi zake huchakaa pale zinaposhikana na kisigino.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Maumivu huwa chini ya kisigino, zaidi upande wa ndani, na huwa makali katika hatua za kwanza baada ya kuamka au baada ya kukaa muda mrefu, kwa mfano unaposhuka kwenye basi. Ukitembea kidogo hupungua, kisha jioni hurudi baada ya kutwa nzima ya kusimama.

Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, wenye uzito mkubwa, wenye misuli ya shavu la mguu iliyokaza, na wenye nyayo bapa au zenye upinde mkubwa. Mara nyingi pia kuna jambo lililobadilika ghafla: umehamishiwa zamu ya kusimama, umeanza mbio, au umenunua viatu vya soli nyembamba. Jiulize ni nini kilibadilika wiki chache kabla ya maumivu kuanza, kwa sababu hapo ndipo pa kuanzia marekebisho.

Wengine hupigwa eksirei na kuambiwa kuwa wana mwiba wa mfupa kisiginoni. Mwiba huo huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, na wengi hupona nao ukiwa palepale. Usikubali upasuaji kwa sababu ya picha peke yake.

2. Kipimo cha asubuhi

Kila asubuhi yape maumivu ya hatua za kwanza alama kati ya 0 na 10, uziandike kwenye daftari au simu. Alama hizo zitakuongoza hivi:

- Wakati wa kazi au mazoezi, maumivu yasiyozidi 3 au 4 yanakubalika, mradi asubuhi inayofuata isiwe mbaya kuliko iliyotangulia.
- Alama zikipanda, punguza mzigo wa siku hiyo: safari chache zaidi, kusimama kwa vipindi vifupi, mazoezi nusu. Usiache kila kitu.
- Alama zikitulia au zikishuka kwa wiki nzima, ongeza kidogo, jambo moja kwa wakati mmoja.

Maumivu haya hupanda na kushuka, kwa hiyo usitoe hukumu kwa asubuhi moja. Tazama wiki.

3. Kabla ya kushuka kitandani

Kaa ukingoni mwa kitanda na uweke mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vya mguu, uvivute kuelekea kwenye muundi mpaka uhisi ukano umekaza chini ya unyayo. Hesabu hadi 10, achia, kisha rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku; mara ya kwanza iwe kabla ya kukanyaga chini, na nyingine kabla ya kunyanyuka baada ya kukaa kwa muda.

Ukishashuka, nyoosha pia shavu la mguu. Simama ukitazama ukuta, viganja vikiwa ukutani na mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa sakafu. Egemea mbele kwa sekunde 30. Rudia mara 3, kisha fanya tena goti likiwa limekunjwa kidogo.

4. Kuutia mguu nguvu

Kunyoosha huleta nafuu, lakini ukano unahitaji pia kujifunza upya kubeba mzigo. Kunja taulo, uiweke kwenye ukingo wa ngazi chini ya vidole ili vikunjwe kuelekea juu, kisigino kikiwa hewani. Shika ukuta au reli. Panda polepole kwa sekunde 3, tulia juu kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya mizunguko 3, kila mzunguko mara 12, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Mguu mmoja ukikushinda, anza na yote miwili. Ukizoea, vaa begi mgongoni na uongeze uzito kidogo kidogo.

Watafiti wa Denmark walililinganisha zoezi hili na kunyoosha. Baada ya miezi 3, waliofanya zoezi la nguvu walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikaribiana. Kwa anayetegemea miguu yake kula, miezi hiyo ya mwanzo ina thamani.

5. Kazini

- Usisimame mahali pamoja bila kusogea. Hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na pandisha mguu mmoja kwa zamu juu ya kibao au kreti fupi.
- Kwenye sakafu ya sementi au vigae, omba mkeka wa mpira mahali unaposimama.
- Gawa mapumziko. Dakika chache za kukaa kila saa husaidia kuliko kusubiri pumziko moja la mchana.
- Mwalimu asahihishe madaftari akiwa ameketi. Mama lishe amenye na kukatakata akiwa kwenye kigoda. Mlinzi apange na mwenzake kupokezana lindo la kusimama na la kukaa.
- Maumivu yakizidi, mwombe daktari barua ya kazi nyepesi, itaje muda na kazi za kuepuka.

Kiti si hisani. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke viti kwa wanaofanya kazi wakiwa wamesimama, wavitumie kila nafasi ya kupumzika inapopatikana. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na msimamizi wa sheria hiyo ni wakala wa serikali uitwao OSHA.

6. Viatu

Kiatu kizuri hukunjika kwenye vidole, hakikunjiki katikati. Kwa nyuma ni kigumu, soli ni nene, na kisigino kimeinuka kidogo. Ukinunua raba za mtumba, zigeuze: soli iliyolika upande mmoja au sponji iliyokwisha ni hasara hata kwa bei ya kutupa. Soli za ndani zinazouzwa tayari huwafaa wengi sawa na zile za kupimiwa, nazo ni nafuu. Nyumbani, usitembee bila viatu kwenye sakafu ngumu. Ndala bapa zilizochakaa nazo hazisaidii.

7. Mbio na michezo

Baiskeli na kuogelea hulinda pumzi na nguvu bila kukipiga kisigino. Anayekimbia apunguze umbali, aache kwa muda milima na mbio za kasi, na aepuke kukimbia bila viatu kwenye mchanga laini wa ufukweni. Kurudi kuwe kwa awamu: dakika 1 ya kukimbia kwa 2 za kutembea, kisha uongeze kwa kufuata kipimo cha asubuhi. Usiongeze umbali na kasi katika wiki moja.

8. Barafu, dawa na sindano

Kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15 jioni hutuliza. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asifanye hivyo.

Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa muda tu, haziuponyi ukano. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au ujauzito asizinunue bila ushauri wa daktari. Sindano ya steroidi inaweza kuleta nafuu ya wiki kadhaa, lakini hubeba hatari ya ukano kukatika na ya mafuta yanayokinga kisigino kupungua. Usiikimbilie kabla ya kujaribu mazoezi, wala usiirudierudie.

9. Nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa

- maumivu yalianza kwa mlio au mshtuko wa ghafla, au huwezi kukanyaga;
- kisigino kimevimba, kina joto, au una homa;
- una ganzi au hisia ya kuchomachoma unyayoni;
- maumivu hukuamsha usiku, au kisigino huuma kikiminywa pande zote mbili;
- visigino vyote vinauma na mgongo hukakamaa asubuhi;
- una kisukari na umeona kidonda, hata kidogo.

Kama huna dalili hizo lakini wiki 6 za mazoezi hazijaleta mabadiliko, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

10. Muda wa kupona

Wengi hupona bila upasuaji, lakini safari huchukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Wanaoshindwa mara nyingi ni wale wanaoacha mazoezi maumivu yakipungua, au wanaorudi kwenye mzigo wote kwa siku moja. Anza kesho asubuhi: nyoosha unyayo kabla ya kushuka kitandani, andika alama, vaa kiatu kinachofaa. Na ukiwa msimamizi wa zamu, weka kiti.