Shangazi, moyo wangu umekufa?

Mimi ni daktari wa mifugo Mbagala. Zamani nililia mnyama aliponifia mkononi. Juzi nimemchoma mbwa wa mzee mmoja sindano ya mwisho, mzee analia amemshika kichwa, mimi nawaza daladala. Kabla ya hapo kuku wa mama mmoja wa Chamazi, kuku wa mkopo, walikufa kwa kideri, akatangaza mtaa mzima kwamba nimemmaliza. Simu ikiita usiku natamani kuitupa. Silali. Moyo wangu umekufa?
Daktari, Mbagala

Mwanangu,

Huyo mzee na mbwa wake sijawatoa akilini. Unajihukumu kwa machozi ambayo hayakutoka, lakini tazama mikono yako ilifanya nini: ulimwacha mzee amshike mbwa wake kichwa mpaka mwisho. Asiye na huruma angemwambia asubiri nje. Kilichokupata ni ganzi ya mtu aliyeona vifo vingi bila kupumzika katikati, na wenzako wanayo dunia nzima. Charles Figley, msomi wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu hali hiyo, uchovu wa huruma, mwaka 1995, akiwazungumzia wanaowahudumia watu waliopatwa na mikasa. Mwaka 2006 yeye na mwenzake wakatoa kingine, hiki kwa ajili ya wanaohudumia wanyama. Walikuwa na sababu. Daktari wa watu hapa kwetu haombwi kumaliza uhai saa nne asubuhi, kisha saa tano akazalishe ng'ombe kwa mteja mwingine kana kwamba hakikutokea kitu.

Sasa huyu mama. Kuku wakishaanza kupinda shingo, hakuna sindano ya kuwarudisha. Kideri hakina tiba, wewe unalijua hilo kuliko mimi, na bado umeubeba mkopo wake kana kwamba ulikopa wewe. Utue. Mpe pole, anaistahili. Deni si lako.

Ninaloliona katika barua yako yote ni kwamba unaitwa mwisho. Mwarobaini umeshajaribiwa, shubiri imeshajaribiwa, jirani ameshatoa dawa yake, ndipo daktari anapigiwa simu aje kushuhudia kifo. Nani atahimili kazi hiyo kila siku? Chanjo ya kideri inatengenezwa hapa hapa nchini, na Wakala wa Maabara ya Veterinari: tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mpange siku ya chanjo, watu wachangie kidogo kidogo, na huyo mama wa Chamazi umwalike kabla hajaleta vifaranga wapya. Unahitaji siku za kushika kuku wazima na kuwaacha wazima.

Usiku, mtafute mwenzako mgawane zamu. Siku isiyo yako, simu izimwe. Nauli ya bodaboda na bei ya huduma zitajwe kabla hujatoka nyumbani.

La usingizi silichukulii kirahisi. Wiki hii nenda Muhimbili, uonane na daktari wa afya ya akili. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kukuche: mkabidhi mwenzako mkoba wa dawa, akusindikize hospitali usiku huo huo.

Uniandikie ukishamwona daktari.