Dondoo muhimu: Kuomba chuo cha tamthilia ya muziki ukiwa Kigali
Usichague chuo kwa ukubwa wa jina. Chagua kitakachokulazimisha kuimba, kucheza ngoma na kuigiza katika onyesho moja, kwa sababu ndivyo jukwaa linavyodai. Shule ya muziki iliyoanzishwa Nyundo mwaka 2014 hunoa sauti na ala, lakini kazi yake kuu ni muziki. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ya Tanzania, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, hufundisha muziki, ngoma na maigizo mahali pamoja, na tamasha lake la kila mwaka huwapandisha wanafunzi mbele ya hadhira halisi. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, hutoa shahada.

Wapo watakaosema stashahada, kama ya TaSUBa, haifui dafu mbele ya shahada. Ni kweli kwa anayelenga ualimu wa chuo kikuu; kwenye usaili, hata hivyo, mwongozaji hupima pumzi na mwili wako, si cheti. Basi omba vyuo viwili au vitatu vya aina tofauti, na kabla ya kulipa ada uliza swali moja: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupanda jukwaani mara ngapi? Kiwango kinachotakiwa jukwaani utakiona Gisozi, hapo Kigali, kwenye tamasha la sanaa la Ubumuntu lililoanza 2015.