Kina Mama Wasiotajwa Kwenye Nasaba

Mzee wa pwani akiulizwa nasaba yake hutaja jina lake, kisha bin fulani, bin fulani, na mwenye kumbukumbu nzuri hufika jina la kumi. Tuhesabu wale waliobaki nje ya orodha hiyo. Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na juu yao 8. Ukirudi kizazi cha kumi, kiasi cha miaka 250 hadi 300 nyuma, nafasi za wazazi zinafika 1,024. Binamu wakioana, mtu mmoja hushika nafasi mbili, kwa hiyo watu wenyewe ni pungufu kidogo. Hata hivyo, nasaba imemtaja mmoja tu wa kizazi hicho. Nusu ya nafasi zile ni za wanawake, na hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Vinasaba vinahesabu kwa njia nyingine. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46: 23 za baba na 23 za mama. Lakini baba hakupi kromosomu zake kama alivyozipokea. Mbegu inapoundwa, kromosomu alizopewa na baba yake na zile alizopewa na mama yake hujipanga mbilimbili na kubadilishana vipande. Yai la mama nalo huundwa hivyo hivyo. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani kwa kila kitu, na ndiyo maana mzee wako wa kizazi cha kumi anaweza kuwa hakukuachia hata kipande kimoja, ingawa ni wako kweli.

Sehemu mbili hazichanganyiki hivyo. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume, karibu yote ikiwa nzima. Vinasaba vya mitokondria, sehemu ndogo zilizo ndani ya seli, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini mabinti ndio wanaoviendeleza. Y inafuata njia ileile ya nasaba. Mitokondria inafuata njia ambayo nasaba haikuiandika.

Hapo ndipo Kilwa, mji wa kale wa pwani, inapoingia. Tarikh ya Kilwa, ambayo mwanahistoria Mreno João de Barros aliichapisha kwa Kireno mwaka 1552, inasimulia watawala waliotoka Uajemi, na familia nyingi za pwani hadi leo hujiita Washirazi. Wasomi wengi waliona hizo ni hadithi za kujikweza tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya vinasaba ilikuwa ya Afrika, na ilitoka hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya hiyo ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Katika iliyobaki ilikuwemo asili ya Bara Hindi.

Kwa hiyo Tarikh haikudanganya kuhusu baba. Kuhusu kina mama wa pwani karibu ilinyamaza, na kwangu ukimya huo ni mzito kuliko kosa lolote la tarehe.

Uchunguzi huo unasema pia kwamba Waafrika na watu hao wa Asia walianza kuoleana karibu na mwaka 1000. Lakini mfupa unajuaje hilo? Turudi kwenye vile vipande. Mtoto wa baba Mwajemi na mama Mwafrika ana kromosomu nzima za kila upande. Mtoto wake yeye hupokea kromosomu zilizokwisha kukatwa na kuunganishwa, na kila kizazi hukata tena. Baada ya vizazi kumi, vipande vya Kiajemi ni vifupi. Baada ya ishirini, ni vifupi zaidi. Ukipima urefu wake unapata idadi ya vizazi. Zidisha kwa miaka 28 hivi kwa kila kizazi, kisha rudi nyuma kuanzia siku za marehemu. Hakuna maandishi yaliyohitajika.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mifupa mingi iliyopimwa ilitoka kwenye makaburi ya wenye hadhi, karibu na misikiti na majumba ya mawe. Wavuvi na wakulima waliokaa kwenye nyumba za udongo pembeni ya miji hiyo walikuwa wengi zaidi, na katika matokeo haya ni wachache mno. Asilimia zile ni za wale waliozikwa pale, si za pwani nzima.