Wageni na Wenyeji

Mithali moja husema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Nyingine husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Je, mtu aliyehamia nchi ya wengine afuate ipi? Na wajukuu wake je?

Kwanza tuwatazame Waarusha. Yapata mwaka 1830 watu walitoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, wakafika miteremko ya Mlima Meru, wakafyeka msitu na kupanda migomba. Waarusha husema Kimaasai na kufuata marika kama Wamaasai wa mbugani, lakini jembe hawakuliacha. Walioana na Wameru, jirani zao, na Wameru nao walipokea kwao desturi ya marika. Basi mgeni hupokea, tena hutoa. Baadaye ardhi ya mlimani ilipokuwa haitoshi, wengine walihamia hata Loliondo, wakawa wageni mara ya pili.

Watemi, waitwao pia Wasonjo, hukaa Samunge, Digodigo na vijiji vingine vya Wilaya ya Ngorongoro. Wamezungukwa na Wamaasai, na wengi wao wajua Kimaasai. Hata hivyo nyumbani husema Kitemi, nacho ni lugha ya Kibantu. Tena hulima kwa mifereji, na wazee ndio wagawao maji kwa zamu.

Katika jamaa iliyohama, mara nyingi mambo huenda hivi. Babu husema lugha ya wenyeji kwa shida. Mwanawe husema lugha zote mbili, naye ndiye mkalimani wa nyumba. Mjukuu akisemeshwa na bibi yake hujibu kwa lugha nyingine, au hunyamaza kwa kuona haya mbele ya wenzake. Hapo pana hasara kubwa. Bibi ajua majina ya miti ya dawa na habari za ukoo. Akifa bila mtu wa kumrithisha, maarifa hayo huzikwa pamoja naye.

Mkumbukeni Ruthu, Mmoabi, aliyemfuata mkwewe Naomi mpaka Bethlehemu. Alishika desturi za wenyeji, akaolewa na Boazi, na kitukuu chake akawa Mfalme Daudi. Lakini ugeni wake haukufichwa. Umeandikwa wazi katika kitabu chenye jina lake.

Basi mithali zile mbili hazipingani. Ya kwanza yasema fumba jicho, wala haisemi ling'oe. Jicho lililofumbwa hufumbuka tena, lililong'olewa halirudi. Jifunze lugha ya wenyeji na uheshimu sheria zao, lakini jioni umjibu bibi yako kwa lugha yake. Nawe mwenyeji, usimcheke mtoto mgeni kwa matamshi yake, maana kicheko chako ndicho kimfanyacho aionee haya lugha ya mama yake.

Maswali
1. Waarusha walipokea nini, na walitoa nini?
2. Watemi wamehifadhi mambo gani?
3. Kwa nini mjukuu hunyamaza?
4. Mwulize mzee wa kwenu jamaa yenu ilitoka wapi, kisha uandike majibu yake.